Askofu aliyekataliwa Mgagao

Mwaka 1979 nilikuwa darasa la pili, Mbeya, na msamiati wangu wote wa siasa ulikuwa maneno mawili. La kwanza ni nduli. Huyo alikuwa Idi Amin, na nyimbo zake tulikimbia nazo mchakamchaka kila asubuhi. La pili ni kibaraka. Huyo alikuwa askofu.

Amin hakunisumbua, nduli ni nduli. Aliyenichanganya ni huyu wa pili, maana kwetu neno askofu lilikuwa na adabu zake. Mama ni Mmoraviani wa Rungwe, wa kuzaliwa na kubatizwa, na askofu akitajwa mezani hata kutafuna ulitafuna polepole. Sasa redio yetu, iliyokaa juu ya kabati la vyombo huku imefunikwa kitambaa cha kudarizi, ikimaliza kupiga ngoma ya taarifa ya habari inaanza: Smith na kibaraka wake Muzorewa, Askofu Muzorewa, kibaraka Muzorewa. Mama hasemi kitu. Ananyoosha mkono, anapunguza sauti. Baba anaongeza. Mama anapunguza.

"Askofu hasemwi hivyo mbele ya watoto, baba watoto."

"Huyo si askofu wenu. Huyo ni wa Wamethodisti."

"Askofu ni askofu."

Basi mjadala unaishia hapo, kwa sababu baba alitaka kusikia habari za Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, na alijua akiendelea kubishana zitampita. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli ya TAZARA, pale Iyunga. Habari za Rhodesia alizifuatilia kuliko za Dodoma, na sababu yake ilikuwa nyepesi kabisa: bila Rhodesia asingekuwa na kazi. Ian Smith, waziri mkuu wa Wazungu wa Rhodesia, alipojitangazia uhuru wa upande mmoja tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilijikuta shaba yake inapita kwenye reli ya adui. Ndipo yakaanza yale malori ya mafuta yaliyokuwa yakipinduka Kitonga na kuzama kwenye tope la masika. Likaja bomba la TAZAMA, likaanza kupeleka mafuta Ndola mwaka 1968. Kisha wakaja Wachina na reli, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Makambako unayoiona leo, Tunduma, nusu ya Mbeya yenyewe, vyote vina deni kwa ugomvi wa Wazungu wa Salisbury, Harare ya leo, na watu wao. Sisi watoto wa Iyunga tulikuwa wajukuu wa Ian Smith kwa namna fulani, ingawa hakuna aliyetuambia.

Wamethodisti ni akina nani, hilo nalo hakuna aliyetuambia. Nyanda za Juu Kusini tumegawana mapema. Rungwe na Mbeya Wamoraviani, Njombe na Makete Walutheri, Iringa Walutheri na Wakatoliki, Waanglikana hapa na pale, na siku hizi Wapentekoste kila penye turubai. Mmethodisti ilibidi umtafute. Nilikuja kujua ukubwani, tena kwa mshangao, kwamba mama na huyo askofu aliyekuwa akimtetea bila kumjua walikuwa ndugu wa karibu kidini.

Kisa chenyewe ni cha baharini. Mwezi Januari 1736 meli iitwayo Simmonds ilikuwa inaelekea Georgia, Marekani, na ndani yake kulikuwa na kasisi kijana wa Kianglikana, John Wesley. Mlikuwamo pia kundi la Wajerumani, Wamoraviani. Dhoruba ikaja, maji yakafunika sitaha, tanga kuu likachanika, Waingereza wakapiga mayowe. Wamoraviani walikuwa katikati ya ibada, wakaendelea kuimba. Wesley akamuuliza mmoja wao baadaye kama hawakuogopa. Akaambiwa hapana. Na wanawake na watoto je? Nao hapana. Kijana yule alikuwa msomi wa Oxford, mtu wa saumu na ratiba, na aliteremka nchi kavu akijua kwamba yeye aliogopa. Miaka miwili baadaye, London, Mmoraviani mwingine, Peter Böhler, ndiye aliyemshika mkono mpaka ile jioni ya tarehe 24 Mei 1738 ambayo Wamethodisti wengi huihesabu kama mwanzo wao. Mwaka huohuo akaenda mpaka Herrnhut, makao ya Wamoraviani, kuwaona kwa macho. Halafu wakagombana, kama ndugu, na kufikia 1740 kila mtu akashika njia yake.

Wamoraviani hao hao ndio waliofika chini ya mlima Rungwe mwaka 1891, wakiongozwa na Theodor Meyer. Nilipomsimulia mama kisa cha Simmonds alicheka sana. "Kumbe tuliwafundisha kutoogopa maji," akasema. Mama hajawahi kupanda hata mtumbwi.

Kuna jambo moja la uaskofu ambalo msomaji wa huku kwetu inafaa alijue, vinginevyo habari za Muzorewa zitampita. Kwa Wamoraviani wetu, anayeendesha jimbo ni mwenyekiti. Askofu ni mchungaji wa wachungaji, baba wa kiroho, mtu wa kubariki na kushauri. Ndiyo maana mama aliona kumtukana askofu ni kama kumtukana mzee aliyekaa zake kibarazani. Wamethodisti wao walitofautiana tangu mwanzo. Wesley mwenyewe hakuwahi kuwa askofu, na Francis Asbury alipoanza kuitwa askofu kule Marekani, Wesley alimwandikia barua kali ya kumkaripia. Haikusaidia. Mpaka leo Wamethodisti waliotokana na Uingereza huko kwao hawana maaskofu, na waliotokana na Marekani wanao, na wana nguvu kwelikweli: askofu ndiye anayepanga nani akachunge wapi. Tena hapigiwi ndoto wala hateuliwi na mtu mkubwa ng'ambo. Anapigiwa kura na wachungaji na walei, raundi baada ya raundi, mpaka idadi inayotakiwa itimie. Kwa hiyo Abel Muzorewa alipoingia kwenye siasa alikuwa tayari ameshinda uchaguzi mmoja mgumu.

Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1925, mashariki mwa Rhodesia, mtoto wa kwanza katika familia kubwa ya Wamethodisti, akasoma shule ya misheni ya Old Umtali. Misheni hiyo ina historia inayonigusa kama mtoto wa reli. Umtali ulikuwa mji. Reli ikapita upande mwingine wa milima, wakoloni wakauhamisha mji mzima kuifuata, na majengo yaliyobaki akapewa askofu Mmarekani, Joseph Hartzell, mwaka 1898, akaweka shule. Tunaijua hadithi hiyo. Kuna vijiji vya Njombe ambavyo bado vinanung'unika kwamba reli iliwapendelea Makambako.

Muzorewa alianza na ualimu, akawa mwinjilisti, akasoma theolojia hapohapo Old Umtali, akabarikiwa uchungaji mwaka 1953. Akapelekwa Chiduku, karibu na Rusape, akachunga vijijini. Mwaka 1958 akaenda Marekani kusoma, kwanza Missouri kisha Nashville, akarudi 1963 na shahada mbili. Wakati huo askofu wao alikuwa Mmarekani, Ralph Dodge, mzungu aliyeamini kwamba kanisa la Waafrika linatakiwa kuongozwa na Waafrika na akapeleka vijana kusoma kwa ajili hiyo. Serikali ya Smith ikamfukuza nchini mwaka 1964. Akaongoza akiwa nje, na mwaka 1968, kwenye mkutano uliofanyika Masera, Botswana, wajumbe wakamchagua Muzorewa kuchukua kiti chake. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, Mwafrika wa kwanza kuliongoza kanisa hilo Rhodesia.

Picha zake za miaka ile zinaonyesha mtu mfupi, mwembamba, miwani, shati la kichungaji. Anafanana na walimu wakuu wetu wote wa zamani. Hakuwa mwanasiasa, na nadhani hakutaka kuwa. Siasa ilimfuata ofisini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ikampiga marufuku kukanyaga kwenye maeneo waliyoyatenga kwa ajili ya Waafrika, ambako ndiko walikokuwa wengi wa waumini wake. Hebu fikiri: askofu wa Iringa aambiwe abaki mjini, asionekane Kilolo, asionekane Pawaga, asionekane Mufindi. Atabaki na nini? Atabaki na ofisi, karani na taipureta.

Mwezi Novemba 1971 Smith akaelewana na serikali ya Uingereza. Makubaliano yalikuwa ya ujanja: uhuru utambuliwe, na Waafrika waliokuwa zaidi ya tisini kati ya kila mia wapate wingi bungeni siku moja huko mbele, siku ambayo hesabu zake mtu angeweza kuzipiga mpaka azeeke. Ila Uingereza iliweka sharti kwamba kwanza wenyewe waulizwe kama wanakubali. Ikaundwa tume chini ya Lord Pearce, izunguke vijijini mwanzoni mwa 1972.

Sasa nani awaandae watu kujibu? Joshua Nkomo yuko kizuizini. Ndabaningi Sithole yuko ndani. Robert Mugabe yuko ndani. Vyama vyao vimefungwa, na vilikuwa havipikiki chungu kimoja. Alihitajika mtu asiye wa huyu wala wa yule, ambaye bado hajafungwa na anayeweza kusimama mbele ya watu bila kuomba kibali cha polisi. Mchungaji ana mimbari. Wakaanzisha African National Council, ANC yao, isichanganywe na ile ya kusini, wakamwomba askofu aongoze. Msaidizi wake alikuwa Canaan Banana, mchungaji wa Wamethodisti wale wa asili ya Uingereza. Yaani Wamethodisti wa aina mbili, wenye askofu na wasio na askofu, ndio waliobeba nchi kwa miezi ile.

Na waliibeba. Tume ilikwenda kila kona ikidhani itakutana na watu wapole wenye kuitikia kwa kichwa, ikakutana na hapana. Hapana ya wazee, ya akina mama, ya wanafunzi. Taarifa ilipotoka mwezi Mei 1972 ilisema wazi kwamba Waafrika walio wengi wamekataa, na mpango ukafa. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukampa Muzorewa tuzo yake ya haki za binadamu. Ninaposikia watu wakimmaliza kwa neno moja huwa nataka kuwakumbusha hiyo 1972. Pasipo risasi, pasipo pesa, kwa mahubiri na vikaratasi, waliipindua meza iliyoandaliwa London na Salisbury.

Desemba 1974, kule Lusaka, Nyerere, Kaunda na wenzao waliwabana viongozi wa Rhodesia mpaka wakakubali kuungana. Wote wakaingia chini ya mwavuli wa ANC na mwavuli akakabidhiwa askofu, kwa sababu ileile ya mwanzo: hakuna aliyemchukia. Machi 1975 Herbert Chitepo, aliyeongoza uhamishoni ZANU, chama cha Sithole na Mugabe, akauawa kwa bomu Lusaka. Agosti wakakutana na Smith ndani ya behewa lililosimamishwa juu ya daraja la Victoria Falls, na hawakumaliza hata siku mbili. Mwavuli ulikuwa umeshatoboka.

Hapo ndipo Iringa inapoingia.

Mgagao iko Kilolo, juu vilimani. Hakuna mgeni anayefika huko kwa bahati mbaya. Nilikwenda mwaka juzi, mwezi wa sita, mwezi mbaya kwa mtu aliyesahau sweta. Ukungu haukuondoka mpaka saa nne. Rafiki yangu aliyenipeleka ni mwenyeji wa hukohuko, na alinionya nisianze na maswali, nianze na salamu, nikae, ninywe.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mnyalukolo. Kaa karibu na moto."

Mzee alikuwa kijana miaka ile. Hakusema Zimbabwe, alisema Rhodesia, na wale wapiganaji aliwaita wale vijana, ingawa yeye mwenyewe alikuwa rika lao. Alieleza walivyokuwa wakikimbia alfajiri na magogo mabegani, Wachina wakiwafundisha, wakiimba kwa lugha ambayo watoto wa kijiji waliishika maneno yake bila kujua maana. Alieleza viazi. Kambi ilikula viazi vingi, na viazi vya Kilolo vikapata soko karibu. Ulanzi walikatazwa na makamanda wao, "lakini ulanzi," akasema mzee huku akitazama kata yake, "nani ameweza kuukataza?" Kambi ilikuwa moja ya zile zilizosimamiwa na Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kutoka Dar es Salaam, na kwa ZANLA, jeshi la ZANU, Mgagao ilikuwa mojawapo ya kambi kubwa za mafunzo. Tangu Lusaka 1974 vita ilikuwa imesimamishwa. Vijana walikuwa na silaha ambazo hawaruhusiwi kuzitumia, kamanda wao mkuu amefungwa Zambia kwa kifo cha Chitepo, na viongozi wao wanagombania viti katika mahoteli. Baridi ya Kilolo ukiikaa miezi bila kazi, inakuingia kichwani.

Mwishoni mwa 1975 maofisa 43 wa kambi ile waliandika waraka, wakautia saini na kuufikisha kwa Kamati ya Ukombozi na kwa serikali za Tanzania na Msumbiji. Ndani yake waliwakataa wakubwa wote watatu: Sithole, Nkomo na Muzorewa. Waliyesema wangezungumza kupitia kwake ni Mugabe. Historia inauita Azimio la Mgagao. Sisi wenye Azimio la Arusha tuna lingine nyumbani kwetu, na nina hakika ukiwauliza wanafunzi kumi pale Iringa mjini utapata tisa wasiolijua.

Nilimuuliza mzee kama alimkumbuka askofu.

"Askofu gani?"

"Wa Rhodesia. Muzorewa."

Akafikiri. "Hapana. Huku tuliona vijana." Akachochea moto. "Na baadaye waliuana wenyewe kwa wenyewe. Hilo nalikumbuka." Alikuwa anazungumzia 1976, walipojaribu kuwachanganya wa ZANU na wa ZAPU, chama cha Nkomo, kambi moja. Hakutaka kuendelea, nami nikaacha.

Niliporudi mjini usiku ule nilikuwa nafikiria hao 43. Walikuwa na sababu zao dhidi ya Sithole, na dhidi ya Nkomo. Kosa la askofu mbele yao lilikuwa kwamba hakuwa wao. Hakuwahi kulala Mgagao. Sifa iliyomfaa 1971, ya kutokuwa wa upande wowote, huku vilimani iligeuka kuwa shtaka.

Askofu alirudi Salisbury Oktoba 1976 na kupokelewa na umati mkubwa mno. Mtu akipokelewa hivyo huamini macho yake. Tarehe 3 Machi 1978 akatia saini makubaliano ya ndani na Ian Smith, pamoja na Sithole na Chifu Chirau. Uchaguzi ukafanyika Aprili 1979, chama chake kikapata viti 51 kati ya 100, na tarehe 1 Juni akawa waziri mkuu wa nchi yenye jina la kubandika, Zimbabwe Rhodesia. Wazungu, wasiofika asilimia tano ya watu, walitengewa viti 28. Jeshi, polisi na utumishi wa umma vikabaki kwenye mikono ileile. Hakuna nchi iliyoitambua serikali hiyo. Na vita ikaendelea, sasa kwa jina lake. Ndege zilipokwenda kupiga kambi za Msumbiji mwezi Septemba, waziri mkuu alikuwa askofu.

Mwezi Oktoba vita hiyo ilifika nyumbani kwetu Iyunga. Makomando wa Rhodesia walilipua madaraja ya mto Chambeshi, Zambia, la barabara na la reli. Daraja la reli lilikuwa la TAZARA. Mimi sikuelewa kitu siku ile, nilimwona tu baba akirudi mapema, akakaa bila kuvua buti, jambo ambalo mama hakuliruhusu sebuleni. Mizigo ya Zambia imekwama. Treni haifiki Kapiri Mposhi. Jioni ngoma ikalia, msomaji akaanza: kibaraka Muzorewa. Nikamtazama mama.

Hakunyoosha mkono.

Nimeishi na jioni hiyo muda mrefu, na maoni yangu juu ya askofu yametokana nayo kuliko na kitu kingine. Simwoni kama mtu aliyenunuliwa. Alikuwa na sababu: watu wanakufa vijijini, shule zinafungwa, kanisa lake linazika kila wiki, na Smith amekubali mwisho wa utawala wa Wazungu, angalau kwenye karatasi. Ila mwaka 1972 watu walikuwa wamempa dhamana ya aina moja tu, ya kusema hapana kwa niaba yao. Alidhani dhamana hiyo ni mali yake, anaweza kuitumia pia kusema ndiyo. Ukinituma dukani nikatae mchele mbovu, hujanituma kununua unga. Na ukishika uwaziri mkuu, mabomu yanayoangushwa na jeshi lako ni yako, hata kama aliyeyapanga ni jenerali wa Smith. Msalaba shingoni hauyaondoi. Nadhani unayazidisha.

Jambo lingine linalonikera ni kwamba hakuacha uaskofu. Alikuwa vyote viwili. Iringa mjini tumewahi kuwa na mbunge mchungaji, Peter Msigwa, kwa miaka kumi, 2010 hadi 2020, na wengi hatukuona shida. Lakini mbunge anapiga kelele, hatumi ndege. Sijui kama mtu anaweza kutia saini vita Jumamosi na kushika kikombe cha Meza ya Bwana Jumapili, mkono uleule.

Mwisho wake wa kisiasa ulikwenda haraka. Desemba 1979, kwenye mazungumzo ya Lancaster House, alikubali kuachia kiti ili gavana Mwingereza asimamie uchaguzi mpya. Februari 1980 wananchi wakapiga kura tena. Mugabe viti 57, Nkomo 20, askofu vitatu. Kutoka 51 hadi vitatu ndani ya miezi kumi. Majina yaliyopita Mgagao yalikuwa yamefika Salisbury. Mwishoni mwa 1983 serikali hiyohiyo ya Mugabe ikamweka askofu kizuizini miezi kumi hivi. Mwaka 1996 akajaribu kugombea urais, akajitoa kabla ya siku ya kura. Yaliyoipata Zimbabwe chini ya yule aliyechaguliwa na vijana wa Kilolo tunayajua sote, na huwa nawaambia rafiki zangu wanaojivunia Azimio la Mgagao wasome mpaka ukurasa wa mwisho.

Kitu ambacho redio ya baba haikunipa ni kwamba kazi ya kanisa haikukatika muda wote huo. Aliendelea kuchunga. Alistaafu uaskofu mwaka 1992, mwaka ambao Africa University, chuo kikuu cha United Methodist, kanisa lake, kilifungua milango palepale Old Mutare, ndiyo Old Umtali ya zamani, jirani na misheni aliyosomea utotoni. Watoto wa Kitanzania nao wanakwenda kusoma huko. Binti wa dada yangu ni mmoja wao. Alipanda basi Mbeya, akavuka Tunduma, akapita Chambeshi usiku akiwa amelala. Muzorewa alifariki Harare tarehe 8 Aprili 2010, siku sita kabla ya kutimiza miaka 85.

Pasaka iliyopita nilikwenda Rungwe kumwona mama. Sasa ana miaka themanini na kitu, masikio yamepungua, na redio anaisikiliza kwa sauti ya kuamsha mtaa. Tulikuwa jikoni, anamenya ndizi. Nikamsimulia yote haya, Simmonds, Pearce, Mgagao, Chambeshi. Chambeshi aliikumbuka. "Baba yako hakuvua buti," akasema.

Kisha akauliza, "Na watu wa kanisani kwake, baada ya yale yote, walikuwa wanamwitaje?"

"Askofu."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Akachukua ndizi nyingine, akaitia kisu kichwani. "Walikuwa na kazi ngumu," akasema, akaniuliza kama nitakula kiporo au nisubiri hizi ziive.